Usiache fani yako kwa sababu ya tarehe aliyotaja mtu

Juzi nimepata meseji ya binti mmoja anayesoma udaktari. Anasema anaipenda radiolojia, fani ya kusoma picha za ndani ya mwili kama X-ray, toka moyoni ila kila anayemwambia anamjibu achana nayo hiyo, AI (akili bandia) inaimeza. Akanirushia na video ya jamaa anasema ikifika 2029 mashine itakuwa na akili sawa na binadamu, sasa ananiuliza, dokta, kuna haja gani ya kusota miaka yote hiyo? Nilivyoisoma nikasikia kifua kinabana, maana maneno hayohayo nilishaambiwa mimi na mpaka leo yanauma.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa watu waliojenga msingi wa hizi AI tunazotumia (2024 akapewa na tuzo ya Nobel ya fizikia), alisema hadharani kwamba watu waache kabisa kufundisha madaktari wa radiolojia, eti ndani ya miaka mitano mashine itasoma picha kuwazidi, akaongeza labda kumi. Kipindi hicho ndo nachagua fani. Bosi wangu wa wakati huo akasimama kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wenzangu wote, akaninyooshea kidole akasema huyu anaenda kusomea kazi ya marehemu. Ukumbi mzima ukacheka. Wenzangu waliokuwa na wazo kama langu wakabadili fani kimyakimya, mimi nikajaza fomu jioni ileile.

Miaka ya masomo siwachoshi nayo, ni kusoma na kukesha tu. Miaka mitano ya Hinton iliisha 2021, mimi leo ni bingwa, na mwezi uliopita nimekabidhiwa kitengo kizima cha picha. Kitengo hicho kina programu za AI na kina upungufu wa madaktari, vyote viwili kwa mpigo. Natamani yule bosi angepita pale siku moja tu aone.

Ila ngoja niwaeleze inavyofanya kazi maana wengi wanaotabiri hawajawahi kukaa nayo usiku. Tuna programu inayotafuta damu iliyovujia kwenye ubongo. Picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa vipande vipande, ikiingia tu inaichungulia, ikishuku damu inaipandisha juu ya foleni, na usiku foleni ikiwa ndefu hiyo ni baraka kweli, kuna wagonjwa wanawahiwa kwa sababu yake. Zamu moja hivi karibuni picha ikaruka juu na alama nyekundu. Nafungua, ni ya mzee, ana madoa mawili meupe katikati ya ubongo, kushoto na kulia, yamelingana kama mtu kayachora kwa rula. Nikapima mng'ao wake. Damu mbichi mara nyingi inacheza kwenye 50 mpaka 80 hivi kwa kipimo cha Hounsfield, namba inayoonyesha kitu kinang'aa kiasi gani kwenye CT, haya yalikuwa yamepita 100 kwa mbali sana, hiyo ni kalsiamu, watu wazima wengi wanayo na wala haiwasumbui. Nikatafuta picha yake ya zamani, madoa yaleyale, hayajabadilika. Programu tungeiachia peke yake ingeishia hapo. Mimi nikapiga simu wodini nauliza huyu mzee kaletwa kwa shida gani, naambiwa toka asubuhi maneno hayatoki vizuri mdomoni! Nikarudi kwenye picha kutafuta kiharusi cha mshipa kuziba, kitu ambacho ile programu haikutengenezwa kukitafuta kabisa, nikakikuta upande wa kushoto, pale mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo ulipoanza kufifia.

Sasa nyie mnaonisoma najua mnataka kufika mbali, kwahiyo nisikilizeni vizuri. Sisemi AI ni upepo utapita. Nasema hizi tarehe hazina mwenyewe. Herbert Simon, msomi mkubwa kabisa, 1965 aliandika kwamba ndani ya miaka 20 mashine zitaweza kazi yoyote anayoiweza mtu, 1985 ikaja ikapita. Vernor Vinge, mwanahisabati na mwandishi wa hadithi za kisayansi, 1993 akasema ndani ya miaka 30 tutakuwa na uwezo wa kuunda akili inayotuzidi. Ray Kurzweil, mvumbuzi na mtabiri wa teknolojia, yeye ndo mwenye hiyo 2029 ya kwenye video, alafu 2045 anasema binadamu na mashine tutakuwa tumeungana. Na wanakosea pande zote mbili, hapo ndo watu wengi hawaangalii. Simon huyohuyo 1957 alitabiri kompyuta itakuwa bingwa wa chesi ndani ya miaka kumi, Deep Blue, kompyuta ya IBM, ikamfunga bingwa wa dunia Kasparov 1997, imechelewa lakini imefika. Kwenye Go, mchezo wa ubao wa huko Asia, wataalamu wengi walidhani bado sana, programu ya AlphaGo ikamfunga Lee Sedol, mmoja wa wachezaji bora duniani, 4 kwa 1 mwaka uleule wa 2016. Anayetaja tarehe ikimkosea anaandika kitabu kingine, wewe uliyeacha shule nani anakurudishia miaka yako?

Kwahiyo ukisikia utabiri uliza inafanya kazi gani hasa, kipande kipi cha kazi, alafu nenda kakae karibu na hiyo mashine uijue mpaka inapokosea. Jifunze kuitumia. Kiu uliyonayo Mungu hakukupa kwa bahati mbaya, usikubali mtu akucheke mpaka uiache, usikubali kabisa.

Mdogo wangu, omba hiyo nafasi ya kusomea radiolojia. Wakati unasubiri majibu nenda kitengo cha picha hapo unapofanyia mazoezi, omba ukae nyuma ya daktari zamu ya usiku, angalia mara ngapi programu inampa alama na mara ngapi ananyanyua simu kuuliza habari za mgonjwa. Ukikwama kwenye fomu niandikie tena, nitakujibu.