Udokozi au wizi: uandike lipi?

Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Umeuliza kama pishi mbili za karafuu zilizotoweka kwenye jamvi lako huko Wete uziandike "udokozi" au "wizi" katika taarifa yako. Andika wizi.

Kudokoa ni kutwaa kidogo kidogo, kama mtoto anayechomoa mnofu chunguni. Neno linaeleza namna na kiasi, haliundi kosa jepesi la peke yake. Kinachotakiwa kuthibitishwa ni kwamba mali ni ya mwengine, imeondolewa bila ya ridhaa yake, na mchukuaji alikusudia kumkosesha mwenye mali kabisa, asiirudishe. Uchache wake unaweza kupunguza adhabu, haufuti kosa.

Akiwa ni kibarua wako, liseme hilo waziwazi, maana wizi wa mtumishi una uzito zaidi. Akitumia nguvu, huo ni unyang'anyi.

Wengi huharibu hapa: "ananidokoa kila siku", basi, hakuna tarehe wala kiasi! Pima zilizobaki leo hii; taja siku, saa, pishi ngapi, nani aliona. Unayemshuku mwandike "mtuhumiwa", si "mwizi". Tena usinakili vifungu vya Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Adhabu yetu, Namba 6 ya 2018.