Wasomaji wanauliza: Shukrani kwa wanajeshi waliotuokoa

SWALI: Ninaishi Katesh, Hanang. Tope liliposhuka kutoka mlimani Jumapili ya Desemba 3, 2023, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) walishinda mtaani kwetu wakifukua. Hatujawahi kuwashukuru rasmi. Baadhi ya majirani wanataka tuchange fedha, wengine tununue mbuzi. Tufanye lipi?

JIBU: Hamjachelewa, ila anzeni na barua. Fedha ziondoeni kabisa kwenye mjadala. Askari anayepewa pesa mkononi au kutumiwa kwenye simu anaweza kuingia matatani, maana ataulizwa kwa nini raia amlipe kwa kazi ambayo tayari ana mshahara wake. Barua, kinyume chake, humfikia mkubwa wake wa kazi, na huko ndiko sifa zinakomfaa.

Uongozi wa kitongoji uiandike, mtendaji wa kata aigonge muhuri. Juu iandikwe kwa Mkuu wa Kikosi, chini yake "K.K. Mkuu wa Wilaya, Hanang", yaani kupitia kwa. Msipitishe pembeni. Mkuu wa wilaya ndiye anayeongoza kamati ya maafa ya wilaya, kwa hiyo ofisini kwake ndiko kwa kuuliza vikosi gani vilifika na vilifanya kazi upande gani. Nakala apewe mkuu wa mkoa. Mkiikabidhi, hakikisheni aliyepokea amesaini kwenye daftari la barua. Barua ya shukrani hupotea kirahisi kwa kuwa hakuna anayeidai majibu.

Ukurasa mmoja unatosha, na ndani yake ndimo wengi wanamoharibu. Wanajaza "uzalendo", "moyo wa kujitolea", "Mungu awabariki", halafu hakuna tarehe wala mahali. Kwenye maafa askari hupokezana zamu, na mkuu wa kikosi hawezi kujua sifa hizo ni za kina nani. Andikeni hivi, kwa mfano: "Tarehe 5, kuanzia asubuhi hadi jioni, askari wapatao 20 waliondoa tope na magogo kwenye nyumba 4 zilizo kati ya barabara kuu na korongo." Kwa sentensi hiyo moja, kombania, yaani kundi la askari ndani ya kikosi, iliyokuwa pale inatambulika. Kama mnakumbuka jina lililokuwa kifuani pamoja na cheo, litajeni. Kama mnakisia, liacheni.

Jambo jingine: wasemeni waliochimba kwa mikono. Hanang hayakuwa mafuriko ya maji tu. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya mvua ikaporomoka, ikashuka na mawe na magogo. Tope la namna hiyo likianza kukauka hushikana kweli kweli. Katapila hufungua njia, lakini panapodhaniwa pana mtu husimamishwa, watu wakaingia na koleo, tena taratibu, kwa sababu tope likitikiswa ovyo huweza kuziba nafasi ndogo ya hewa iliyobaki. Katapila hupigwa picha sana. Wenye koleo hawaonekani.

Picha za marehemu msiambatishe, hata moja.

Na mbuzi? Ombeni ndani ya barua hiyo hiyo kukialika kikosi. Kikikubali, zawadi apokee kamanda kwa niaba ya wote. Vinginevyo subirini karibu na Septemba 1, siku ambayo JWTZ ilizaliwa mwaka 1964. Majira hayo vikosi huwa vinafanya usafi, kutoa matibabu na kuchangia damu. Nendeni mkachangie nao. Damu haihitaji kibali cha kamanda.

SWALI: Askari aliniachia koti lake la mvua lenye madoa ya jeshi. Naruhusiwa kulivaa kama kumbukumbu?

JIBU: Hapana. Raia kuvaa sare ya jeshi au inayofanana nayo ni kosa Tanzania. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 watu wazisalimishe. Lipeleke kwa mtendaji au kituo cha polisi, uandikishe ulilipata wapi. Koleo na mablanketi yaliyosahaulika ni vivyo hivyo. Vifaa hutoka stoo kwa saini, na aliyesaini ndiye anayedaiwa.

SWALI: Sisi ni akina mama wa kanisa karibu na Mai Mahiu, Kenya. Maafa ya mafuriko ya Aprili 29, 2024 yalitukuta hatujajipanga. Tukitaka kuwapikia maafisa 50 wa KDF (jeshi la Kenya) na NYS (huduma ya vijana kwa taifa) wakiwa kazini, tupike kiasi gani?

JIBU: Kwanza muulizeni anayesimamia chakula chao, kwa kuwa mara nyingi huja na mpishi na posho yao. Akikubali, uji wa asubuhi ni unga kilo 3 kwa lita 25 hivi, nusu lita kwa kila mtu. Mchana, ugali wa unga kilo 14 na maharagwe makavu kilo 5 yaliyolowekwa usiku kucha. Anayechimba hula zaidi ya anayekaa, msipunguze.

Kosa kubwa ni kupika alfajiri na kugawa saa nane. Maharagwe yaliyofunikwa yakiwa vuguvugu huchacha, na kikosi kizima kikiharisha, uokoaji unasimama. Pikeni karibu na saa ya kula, yatolewe yakiwa ya moto.

Maji ya visima msiyaamini, kwani mafuriko hubeba vyoo. Yachemsheni, au tieni dawa ya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kungoja nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana uchafu huimaliza nguvu klorini. Jiko liwe upande wa juu, mbali na mkondo na njia ya magari ya uokoaji.