Jumanne yangu kwenye benchi la zahanati

Baada ya kumzika mama nilijifungia ndani miezi minne. Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu. Walipoacha kuja ndipo uzito ulipoanza hasa: usingizi ulikata, chakula hakikupita. Siku moja jirani yangu, mhudumu wa afya ya jamii, akaniambia, "Dada, Jumanne ni kliniki ya watoto na tumezidiwa. Njoo unisaidie kupanga kadi." Hakunipa nasaha yoyote. Nadhani ndiyo maana nilikwenda.

Wiki za mwanzo nilipanga kadi na kuita majina, basi. Ila kulikuwa na mama mmoja kijana, kila mara anaketi mwisho wa benchi, mtoto kamlaza mapajani bila kumtazama. Nikasogea, nikamwuliza usiku amelalaje. Akalia. Sikuwa na la kumwambia, nikakaa naye mpaka foleni ikaisha. Jumanne iliyofuata aliwahi, akawa ananitafuta. Nikajua kuna mahali ninangojwa, na usiku ule nililala.

Baadaye nikasoma habari za Zimbabwe. Mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa kujitolea huko Mbare, Harare, akawafundisha kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki. Kwa Kishona hali ile huitwa kufungisisa, kuwaza kupita kiasi; sisi husema tu "ana mawazo". Bibi humwacha mtu ataje matatizo yake yote, kisha achague moja na hatua moja ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliokalia mabenchi hayo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ukitaka kujitolea, chagua kazi ndogo yenye siku yake. Mimi nilijaribu kwenda kila siku, nikachoka hadi nikaanza kuwakwepa watu. Ukiketi na mtu, usimwambie "jikaze". Mwulize, halafu nyamaza, hata kimya kikirefuka. Na akitaja kujiua, usibaki na siri hiyo hata kama amekuapisha. Mshike mkono siku hiyohiyo mwende wote kwa muuguzi, umngoje nje mpaka atoke.