Kazi za Sulubu na Mwombaji Mwenye Ulemavu: Wasomaji Wauliza

Barua tatu za toleo hili zimetoka pande tofauti za Mombasa, lakini zote zinauliza jambo moja: ni wakati gani mwajiri ana haki ya kumwambia mtu mwenye ulemavu kwamba kazi ya sulubu haimfai, na ni wakati gani anasema hivyo kwa dhana tu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu malalamiko yake ndiyo yanayotufikia mara nyingi zaidi.

Swali: Bwana Mshauri, assalaam aleikum. Mimi ni kijana wa Magongo. Miaka kadhaa iliyopita nilipata ajali ya bodaboda nikakatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Tangu nilipowekewa mguu wa bandia nimekuwa nikitafuta riziki kwa uhamali katika soko la Kongowea. Hivi karibuni niliona tangazo la ghala moja la chai lililotaka wapakiaji "wenye nguvu na viungo kamili". Nikaenda alfajiri, tukapangwa foleni, na kila mmoja akawa anatwikwa gunia, anatembea nalo hadi kwenye mizani na kurudi. Zamu yangu ilipokaribia, nyapara aliona kiatu changu hakikunjiki ninapokanyaga, akaniamuru nipandishe suruali mbele ya watu wote. Alipouona mguu alinitoa kwenye foleni akisema, "Wewe utaniletea kesi." Gunia lenyewe sikuligusa. Je, sheria inamruhusu kufanya hivyo? Na je, nilikosea kutosema mapema kwamba nina mguu wa bandia?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, umekataliwa bila kupimwa, na hapo ndipo penye kosa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinalifikisha katazo hilo hadi kwenye hatua ya kutafuta wafanyakazi, yaani hata kabla hujaandikwa. Ni kweli kwamba sheria hiyo inamwachia mwajiri mlango mmoja: anaweza kumkataa mtu asiyekuwa na sifa ambayo kazi yenyewe haifanyiki bila hiyo. Taabu ni kwamba waajiri wengi huupanua mlango huo mpaka ukapitisha kila walichokitaka. "Viungo kamili" si sifa ya upakiaji. Sifa za upakiaji ni kuinua gunia la uzito fulani, kulipanga juu ya paleti, kusukuma toroli, kupanda ubao wa kuingilia kwenye lori, na kuyafanya hayo kwa zamu nzima bila kumhatarisha mwenzako. Kipimo kilichowekewa wenzako kilikuwa kipimo cha haki, na ulistahili kuwekewa kilekile, kwa gunia lilelile na kwa mwendo uleule. Ungeshindwa kufika kwenye mizani, nyapara angekuwa na jibu la kukupa na mimi nisingekuwa na la kuongeza.

Kuhusu kupandishwa suruali hadharani, nitasema tu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika fungu la taarifa nyeti, na kwamba hata pasipokuwa na sheria, ghala lililokuwa na ofisi lingeweza kukuita ofisini.

Sasa nisikufiche upande wa pili, kwa kuwa wewe ndiye utakayeubeba mzigo. Mguu wa bandia hutengenezwa kwa kiwango maalumu cha uzito, na kiwango hicho hukadiriwa kwa kutazama uzito wa mwili wako na kazi uliyosema unaifanya. Mtu wa kilo 70 akitwikwa gunia la kilo 50, kila hatua mguu ule unapokea kilo 120, na kama fundi aliyekutengenezea hakuambiwa kwamba wewe ni hamali, huenda amekupa mguu wa mtu wa dukani. Rudi kwake umuulize, na umwombe akuandikie jibu. Jambo jingine ni ubao wa lori. Kifundo cha mguu wa bandia wa kawaida hakijipindi vya kutosha kufuata mwinuko, hivyo ubao mkali ni mgumu kwako kuliko sakafu tambarare, hasa wakati wa kushuka. Na joto letu la Mombasa unalijua: kigutu kikitoka jasho ndani ya kikombe cha mguu, ngozi huchubuka, na mchubuko mdogo wa Jumatatu unaweza kukulaza kitandani ifikapo Ijumaa.

Hayo yote, hata hivyo, yana namna ya kurekebishwa, na sheria inalitarajia hilo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unahesabu kuwa ni ubaguzi pale mwajiri anapokataa kufanya marekebisho ambayo hayamletei mzigo uliopita kiasi. Kwa ghala la chai, marekebisho hayo ni madogo mno. Wewe upangiwe kazi za sakafuni, yaani kupanga paleti na kusukuma toroli, na mwenzako apande ubao. Upewe dakika chache katikati ya zamu za kuuvua mguu, kukifuta kigutu na kubadilisha soksi yake. Genge lolote la mahamali hugawana kazi kwa namna hiyo bila kuambiwa na hakimu, kwani anayejua kutwika hutwika na mwenye mabega hubeba. Lakini ikiwa ghala hilo lina watu wanne tu na kila mmoja wao hana budi kupanda ubao siku nzima, basi mwajiri atakuwa na hoja nzito, na itakubidi uipime kwa haki.

Ile "kesi" aliyoiogopa nyapara ndiyo inayonikera zaidi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, wawe na miguu miwili au mmoja, na hamali mzima akiangukiwa na rundo la magunia fidia inadaiwa vilevile. Tena pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mmoja mzima, ilhali sokoni mwetu bado yapo magunia ya mahindi ya kilo 90 yanayopanda mgongoni pa mtu. Anayeogopa kesi aanze na magunia hayo.

Je, ulikosea kunyamaza? Hukuvunja sheria. Hata hivyo mimi ningekushauri useme, kwa sababu moja ya kiutendaji: mwajiri hawezi kudaiwa marekebisho ya jambo asilolijua. Sema ukiwa na barua ya fundi mkononi na pendekezo la namna utakavyofanya kazi, ili mazungumzo yaanzie kwenye kazi.

Kwa hatua ya sasa, usianze na nyapara wala usianze na mahakama. Mwandikie meneja wa ghala, eleza siku na saa uliyokwenda, mtaje aliyekutoa kwenye foleni, na uombe sababu kwa maandishi pamoja na nafasi ya kupimwa kama wengine. Baki na nakala, na uyaandike mapema majina ya wawili watatu mliokuwa nao kwenye foleni, maana vibarua hutawanyika upesi. Ukinyamaziwa, nenda kwa afisa wa kazi wa serikali hapa Mombasa, au kwenye Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Mwisho kabisa ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo mjini humu, na ambako katika madai ya ubaguzi mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Madai chini ya Sheria ya Ajira hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ikiwa bado hujasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, jisajili kabla ya hayo yote, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi zake, na atakayezigombea nafasi hizo hutakiwa kuonyesha kitambulisho.

Swali: Kaka Mshauri, nina duka la vifaa vya ujenzi Likoni, na wafanyakazi wangu ni 11. Kijana mmoja kiziwi ameomba kazi ya kupakia saruji na nondo. Ana nguvu kuliko wote nilionao. Ndugu yangu anapinga, anasema lori likirudi nyuma uani kijana hatasikia, na damu yake itakuwa juu yetu. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kwa wafanyakazi 11 ile asilimia 5 haikufungi, lakini katazo la ubaguzi linakugusa kama linavyomgusa mwenye meli. Hofu ya ndugu yako si ya kupuuzwa. Ila nakuomba usimame uani siku moja ya kazi uwatazame hao wanaosikia. Kengele ya lori linalorudi nyuma hulia tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri hakuna anayegeuza shingo. Dawa ya lori ni kwamba dereva asirudi nyuma mpaka mtu mmoja amesimama mahali anapoonekana kwenye kioo, anamwongoza kwa mikono, na uani hakuna anayepita nyuma ya gari. Utaratibu huo ukiuweka utawalinda wote 12.

Nondo zinahitaji uangalifu zaidi. Wabebaji wawili huzitua pamoja, na kawaida anayetangulia hupiga kelele "tua!" ndipo wote wakaachia; mmoja akichelewa, chuma humrukia mguuni. Mweke kijana huyo nyuma daima, ili auone mkono wa mwenzake ukiinuliwa kabla ya kutua. Wafanyakazi wako wajifunze kwake ishara chache za kazi, kama vile simama, tua, hatari, subiri na mfuko umepasuka. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge letu, basi uani mwako haitakuwa mgeni wa aibu. Kazi ambayo ningekuunga mkono kumnyima ni ile inayoendeshwa kwa filimbi au redio, kama kuongoza winchi, na dukani kwako sidhani kama ipo.

Swali: Bwana Mshauri, mwanangu wa miaka 19 ana kifafa na anameza dawa. Anataka kuwa mkwezi wa minazi kama mjomba wake huku Mtongwe. Nikimkataza anasema namwonea.

Jibu: Mama, humwonei. Juu ya mnazi mkwezi hushikwa na mikono na miguu yake tu, na fahamu zikimpotea kwa sekunde chache hakuna marekebisho yatakayomshika. Hata kufua nazi kwenye kifuo sikupendekezi, kwa ile ncha yake, mpaka daktari wake aseme kifafa kimetulia kwa muda wa kutosha. Lakini shamba la minazi lina kazi nyingine za kumtoa jasho ardhini, kama kukusanya na kuhesabu madafu, kusomba nazi kwa toroli, kusuka makuti na kupakia gari. Mjomba wake na wenzake waelezwe kwamba akianguka wamlaze ubavu, waondoe panga na chochote chenye makali karibu naye, wasimtie kitu kinywani, na kama degedege linapita dakika 5 watafute gari la kumpeleka hospitali.