Usiachie USDT kwa hela ya shemeji

Mkuu, usiachie. Hata kama ameshatuma hela, hata kama anapiga simu kila dakika, hata kama ameapa kwa jina la mama yake mzazi, usiachie hizo USDT, sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola.

Nimesoma bandiko lako jasho likanitoka. Kwa waliochelewa: jamaa kalipwa USDT kwa kazi ya usanifu aliyomfanyia mteja wa nje, kapata mnunuzi P2P (mtu anamuuzia mtu, jukwaa linazishikilia USDT mpaka muuzaji abonyeze "achia") anayempa Sh60 juu ya bei ya soko kwa kila moja, ila hela itatoka akaunti ya shemeji kwa sababu ya mnunuzi mwenyewe "ina shida kidogo". Anauliza zitakazobaki azitunze waleti (pochi ya kidijitali) gani, VPN ya kuficha alipo ni lazima au si lazima, ile kodi ya TRA ya asilimia 3 kwenye mauzo ya kripto inamhusu au haimhusu, na kamalizia kwa kusema kripto ndiyo uhuru wa kweli maana serikali haina mkono humo. Wadau mmebishana waleti mpaka mmetukanana. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka na shemeji! Ya waleti na VPN yasubiri siku nyingine. Tuanze na shemeji.

Mimi wangu hakuwa shemeji, alikuwa "wife".

Nilikuwa nanunua na kuuza USDT jioni nikitoka kazini. Faida shilingi kumi, kumi na tano kwa kila moja, mtaji unazunguka, maisha yanasogea. Akaja mnunuzi wa milioni 4.2, bei nzuri kuliko wote, ana adabu, kila ujumbe "kaka". Kwenye oda jina lake la kiume. Hela ikaingia benki kutoka kwa jina la mwanamke, ukoo tofauti kabisa. Nikamuuliza. Akajibu, "Huyo ni wife, kaka, app yangu leo inasumbua." Nikaangalia salio, hela ipo. Nikaangalia saa, Simba na Yanga wanaingia uwanjani. Nikaachia.

Sasa soma hapa taratibu, maana wengi mnadhani utapeli wa P2P ni mtu kukutumia ujumbe feki wa benki. Huo ni wa kizamani. Hela yangu ilikuwa halali, noti kamili, salio linasoma. Tatizo ni kwamba haikuwa ya mnunuzi.

Kule Kahama kulikuwa na mama anafanya biashara ya mchele. Kaona mtandaoni tangazo la mashine ya kukoboa kwa bei ya kutupa. Kampigia muuzaji, wamekubaliana, kaomba namba ya akaunti. Muuzaji wa mashine ndiye huyo huyo mnunuzi wangu wa USDT. Kafungua oda kwangu, kachukua namba ya akaunti yangu pamoja na jina langu kamili, kampa mama na kumwambia, "Huyo ndiye mhasibu wetu." Mama katuma. Mimi nimeona hela, nimeachia USDT. Tapeli kaondoka nazo bila kugusa shilingi hata moja, na bila jina lake kuonekana popote kwenye karatasi za benki. Yaani ile "hela tuma kwenye namba hii" ya miaka yote, safari hii namba ikawa yangu. Mimi niliyepata F ya Book-keeping nikawa mhasibu wa kampuni isiyokuwepo.

Nilijua siku kadi ilipogoma nikiwa dirishani nalipa ada ya mtoto. Na usifikiri walizuia hiyo milioni 4.2 tu. Walizuia akaunti nzima, na mshahara umo. Benki hawakuwa na maelezo, walinipa namba ya RB na jina la kituo, kituo chenyewe kiko mkoa mwingine. Nikaomba ruhusa kazini nikadanganya kuna msiba. Haikuwa mbali sana na ukweli.

Mpelelezi alikuwa mtu mstaarabu, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu maswali yake yote yalikuwa na akili.

"Hela ya mama ilifika kwako?"
"Ilifika."
"Mashine ulimpa?"
"Mimi siuzi mashine, afande."
"Ulimpa nini?"
"USDT."
"Mama?"
"Hapana, kijana mwingine."
"Yuko wapi?"
"Sijui."
"Anaitwa nani?"

Nikataja jina la kwenye oda. Baadaye sana tukaja kujua ni jina la dogo mmoja aliyeuza picha za kitambulisho chake na uso wake kwa elfu hamsini, naye alishasahau. Nilipojisikia nikijieleza pale, ningekuwa mimi ndiye afande ningejiweka ndani.

Mama mwenyewe alikuwepo. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mashine yangu iko wapi?"

Tukamaliza kwa maandishi: nimrudishie hela yake yote kwa awamu, yeye aondoe malalamiko. Wakili, nauli, gesti, ada iliyochelewa, ongeza juu ya hiyo milioni 4.2 niliyompa tapeli kwa kidole changu mwenyewe. Akaunti ilikuja kufunguliwa miezi imepita. Jukwaa nalo nikaliandikia, wakanijibu kwa upole kwamba masharti yao yanakataza kupokea malipo ya mtu wa tatu na kwamba nilikuwa nimeyakubali. Kisha wakanifungia.

Sasa nije kwa mwalimu. Yupo, ana kundi lake Telegram, ana picha na gari ambalo nina hakika si lake, na nilimlipa laki moja na nusu kwa "kozi". Jina simtaji, msinifuate inbox. Huyu bwana alitufundisha mambo matatu kwa kujiamini kabisa. La kwanza, jina likitofautiana usihofu, Bongo kila mtu anatumia laini ya mwenzake. La pili, futa chati zote kila baada ya oda kwa sababu ushahidi ndio unaofunga watu. La tatu ni hilo lako mkuu, neno kwa neno: serikali haina mkono humo.

Nikafuta chati. Kwa hiyo yule jamaa alipoandika "huyo ni wife", maneno ambayo pengine yangenisaidia mbele ya afande, nilikuwa nimeyafuta mwenyewe kwa kufuata kozi ya laki na nusu. Nilipomwandikia mwalimu anisaidie alinijibu "pole bro, risk management", dakika mbili baadaye akanitoa kwenye kundi.

Na huo mkono wa serikali, hebu tuuangalie. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Akaunti ya benki umefungua kwa namba ya NIDA. USDT inasafiri waleti hadi waleti bila kumuomba mtu ruhusa, hapo nakubali, na ni raha kweli, nimewahi kulipwa kutoka nje usiku wa manane bila kujaza fomu ya benki. Lakini mwenye nyumba wako anapokea USDT? Muuza mkaa? Ukitaka shilingi lazima upite benki au kwenye simu, na mlango huo mwenyewe ni serikali. Uhuru wako unaishia pale unapobonyeza "uza".

Tena hata humo ndani si kama anavyosema mwalimu. Kampuni ya Tether inayotoa USDT ina uwezo wa kuzizuia kwenye anwani yoyote ile, na imeshafanya hivyo mara nyingi vyombo vya dola vilipoomba. Blokicheni nayo ni daftari liko wazi, kila muamala unaonekana na haufutiki. Nigeria mwaka 2024 waliamua P2P inawaharibia naira: Februari wakakamata maofisa wawili wa Binance, jukwaa kubwa la kuuziana kripto, waliokwenda Abuja kwa mazungumzo, Machi Binance ikafunga huduma zote za naira, na mmoja wa wale maofisa, Tigran Gambaryan, alikaa ndani hadi Oktoba. Haina mkono? Ina mkono, ina na viatu.

Kinachochekesha, kama una moyo wa kucheka, ni kwamba siku zile mimi ndiye niliyekuwa naiomba serikali inyooshe mkono. Nilikuwa namsihi afande awaandikie wenye jukwaa, wazuie zile USDT kabla hazijahama. Zilishahama siku nyingi. Na unajua kwa nini nilikuwa sina pa kusemea kwingine? Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini. Juni 2021 Rais Samia akiwa Mwanza, kwenye ufunguzi wa jengo la BoT, akawaambia Benki Kuu waanze kujiandaa na mambo haya. Tukashangilia, wengine tukaongeza mtaji! Ila maneno ya jukwaani si leseni. Ukipigwa na wakala wa simu unajua uende wapi. Ukipigwa na mtu wa P2P unaanza kwanza kujitetea ulikuwa unafanya nini huko. Swali jingine la afande lilikuwa, "Biashara hii ina leseni gani?" Nikakohoa.

Na kabla hujaniita chawa: tozo za miamala zilipoanza Julai 2021 nililalamika humu humu kuliko wote. Hiyo asilimia 3 nayo siipendi, nakujibu sasa. Iliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2024, ikaanza Julai Mosi mwaka huo. Kisheria anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa au anayewezesha mauzo, si wewe ubebe hela mkononi upeleke. Ubaya wake ni kwamba inapigwa kwenye malipo, haiangalii faida. Umenunua za milioni moja, umeuza milioni moja na elfu kumi. Faida yako elfu kumi, asilimia 3 ya mauzo ni 30,300. Aliyeandika hiyo sheria hajawahi kuuza hata mandazi. Kwako wewe uliyelipwa kwa kazi haiumi hivyo, ila usijidanganye kwamba malipo ya kazi yakija kwa USDT yanaacha kuwa mapato. Yakija kwa mbuzi pia ni mapato.

Lakini mkuu, unaogopa asilimia 3 huku umeshika oda ya kupoteza asilimia mia. Jiulize jambo dogo: kwa nini anakupa Sh60 juu? Mtu anayenunua kwa hela yake hubishania shilingi tano, anakutukana, anaenda kwa muuzaji mwingine, anarudi. Asiyebisha bei hana uchungu na hela kwa sababu si yake. Wote wazuri walionipa bei ya juu nikiwaangalia sasa kwa nyuma walikuwa na wake, makaka, mashemeji na "app inasumbua".

Kwa hiyo kanuni ni moja, hata ukisahau yote niliyoandika: jina la aliyetuma hela liwe jina la kwenye oda. Herufi kwa herufi. Juma Hamisi si Hamisi Juma mpaka athibitishe. Mke si yeye. Kampuni yake si yeye. Lipa namba ya duka lake si yeye. Wakala aliyemtumia si yeye, na ndiyo maana kwenye tangazo lako unaandika kabisa kwamba hupokei hela iliyowekwa na wakala. Watakuita mshamba, watakupa nyota moja, utapoteza wateja wanne kati ya kumi. Wapoteze.

Kama hajatuma, mwambie humo humo kwenye chati ya jukwaa, si WhatsApp, kwamba malipo ya mtu mwingine hupokei, aifute oda. Kama ameshatuma, usibonyeze kitu. Fungua malalamiko kwenye jukwaa saa hii, piga picha za skrini za kila kitu, nenda benki waambie umeingiziwa hela na mtu usiyemjua na unataka irudi kule kule ilikotoka. Nasema kule kule. Akikupa namba nyingine ya kurudishia ("huyu ni kaka, yeye ndo ana laini inayofanya kazi") ujue ni mzunguko wa pili, wewe utarudishia tapeli na mwenye hela atakuja kukudai tena. Usimrudishie kwa mkono wako, benki ndiyo irudishe, karatasi uitunze mpaka wajukuu.

Atakutishia. Atasema shemeji yuko usalama. Atatuma sauti za mtoto analia. Wangu alinitumia picha ya cheti cha ndoa, nami nikakiamini bila kusoma majina.

Na kama huyo shemeji yupo kweli na ana hela kweli, ajisajili P2P kwa kitambulisho chake, alipe kwa akaunti yake. Mlete kwangu, nitamuuzia mimi mwenyewe kwa bei ya soko, hizo Sh60 abaki nazo.