Urusi Nyeupe, Walithuania na kitenzi "kuungana"

SWALI: Ninatafsiri filamu ya historia ya Belarus. Niliandika "Urusi Nyeupe", mhariri akafuta. Nikaandika kwamba mwaka 1939 Belarus Magharibi "iliungana" na Mashariki, akaweka alama ya kuuliza. Halafu kuna dola ya kale ya Lithuania: watu wake niwaite Walithuania? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mhariri wako amefanya vyema kufuta, ila kama sababu yake ni kwamba majina ya nchi hayatafsiriwi, hapo simuungi mkono. Afrika Kusini tumeitafsiri, Guinea ya Ikweta tumeitafsiri, na hakuna aliyelalamika. Kasoro ya "Urusi Nyeupe" imo katika hilo neno Urusi.

Wabelarusi na Warusi wana maneno mawili pale ambapo sisi tuna moja. Kuna Rus, nchi ya kale ya Waslavi wa Mashariki, yenye miji kama Kiev na Polotsk, na kuna Rossiya, dola iliyokua kutoka Moscow. Urusi yetu ni hiyo ya pili. Jina Belarus limebeba ya kwanza: "bela" ni eupe, kisha Rus. Ukiandika "Urusi Nyeupe", msomaji wa Kiswahili ataelewa kipande cha Urusi ya Moscow kilichopakwa chokaa. Na huo ndio ugomvi wenyewe, maana watawala wa enzi ya tsar, mfalme wa Urusi, walifundisha kwamba Wabelarusi ni tawi tu la taifa la Kirusi. Wasweden nao walikuwa na jina la namna hiyo, Vitryssland, serikali yao ikaliacha mwaka 2019 na kushika Belarus. Norway ikafuata mwaka 2022. Minsk kwenyewe, mji mkuu wa Belarus, bunge lilichagua jina Jamhuri ya Belarus tarehe 19 Septemba 1991, na Belorussia ya enzi ya Kisovyeti ikabaki kwenye ramani za zamani.

Kwa hiyo andika Belarus, Mbelarusi, Wabelarusi, Kibelarusi. Ile nchi ya kale iache iwe Rus, bila kuivalisha U-. Lakini usiende mbali ukaandika "Kirus" kwa lugha yake. Jicho litasoma Kirusi tu, na mpiga chapa atakuongezea i akidhani anakusaidia. Sema "lugha ya Rus".

Swali la Walithuania ni gumu zaidi, na nakiri nimelizungusha kichwani siku mbili. Utemi Mkuu wa Lithuania (naona wengine wanaandika "Ufalme", ilhali ni Mindaugas peke yake aliyevikwa taji la mfalme, mwaka 1253) ulikuwa na makao yake Vilnius na watawala wenye asili ya Kilithuania. Ila sehemu kubwa ya raia wake walikuwa Waslavi, na sheria zake kuu, za 1529, 1566 na 1588, ziliandikwa kwa lugha ya Kislavi. Wabelarusi wa leo wanaiita lugha hiyo Kibelarusi cha kale, Waukraine nao wanaidai, na walioiandika waliiita lugha ya Rus. Ndipo mabishano yanapochemka: utemi ule ulikuwa wa nani?

Mtu wa utemi ule aliweza kuitwa "litvin" bila kujali anaongea nini nyumbani kwake. Sisi wa Kiswahili tusishangae. Mtu wa Lamu, wa Bagamoyo au wa Unguja akisema "mimi Mswahili", hajakutajia ukoo wala kabila, na bado tunabishana hadi usiku nani Mswahili na nani si Mswahili. Mshairi Adam Mickiewicz alizaliwa mwaka 1798 karibu na Navahrudak, ambayo leo iko Belarus, akaandika kwa Kipolandi, na nchi yake akaiita Lithuania. Utamwita nani? Ushauri wangu: Walithuania wawe watu wa Lithuania ya leo na wale wanaozungumza Kilithuania. Wa zamani waite "watu wa Utemi Mkuu", au "Walitvini", ukieleza mara moja tu.

Sasa "iliungana". Hapa mhariri wako ana sikio zuri. Tarehe 17 Septemba 1939 jeshi la Kisovyeti lilivuka mpaka wa Poland na kutwaa nchi ambayo Poland ilikuwa inaishikilia tangu mkataba wa Riga wa 1921. Kiambishi -an- katika "kuungana" kinasema pande mbili zimeendeana kwa hiari, kama tunavyosema Tanganyika na Zanzibar ziliungana. "Kuunganishwa" kunaacha nafasi ya mkono wa mtu wa tatu. Poland inasema "ilivamiwa". Serikali ya Minsk inapenda "iliungana": mwaka 2021 iliifanya 17 Septemba kuwa Siku ya Umoja wa Taifa. Wapo Wabelarusi wanaokubali kwamba nchi yao iliunganishwa siku zile, na papo hapo wanakumbuka jamaa ambao Wasovyeti waliwapakia kwenye mabehewa kwenda Siberia. Msimulizi wa filamu akisema kwa sauti ya serikali, mwache aseme "iliungana". Akisema kwa sauti yake, "iliunganishwa".

Moja ambalo hukuuliza, lakini litakujia. Khatyn na Katyn si mahali pamoja. Khatyn ni kijiji cha Belarus ambacho kikosi cha Wanazi kilikichoma tarehe 22 Machi 1943, wakafa watu 149, wakiwemo watoto 75. Katyn ni msitu ulio karibu na Smolensk, Urusi, ambako polisi wa siri wa Kisovyeti waliwaua maofisa wa Kipolandi mwaka 1940. Kinywa cha Mswahili akiishindwa kh huangukia h: khabari ikawa habari, khatari ikawa hatari. Msomaji wa sauti wako akitamka "Hatyn", msamehe. Akitamka "Katyn", mrudishe studio.