Wakulima waliofukuzwa mashambani Uingereza walikwenda wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba wenye ardhi wa Uingereza ya zamani walizungushia mashamba ua ili wafuge kondoo, na wakulima wakafukuzwa. Somo liliishia hapo. Naomba kufahamishwa watu hao walikwenda wapi, na serikali yao iliwatendea nini.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Wengi walishika njia kutafuta kibarua, na huko kushika njia ndiko kulikofanywa kosa la jinai. Tusiwabebeshe kondoo lawama yote, kwa maana katika karne ya 16 watu waliongezeka haraka, bei ya nafaka ikapanda kuliko ujira, na kuanzia 1536 Mfalme Henry VIII alizifunga nyumba za watawa ambazo zilikuwa zikigawa chakula kwa maskini.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya 1489 ilikataza kubomoa nyumba za wakulima, na mwaka 1517 Kardinali Wolsey, waziri mkuu wa Mfalme Henry VIII, aliunda tume ya kuchunguza ardhi iliyozungushiwa ua, lakini mahakimu waliotarajiwa kutekeleza sheria za namna hiyo wilayani walikuwa wenye ardhi wale wale. Fisi alikabidhiwa bucha.

Kwa waliokwisha kuondoka, mkono ulikuwa mzito zaidi. Sheria ya 1531 iliwapa wazee na wasiojiweza kibali cha kuomba, ila mtu mwenye nguvu aliyekutwa hana kazi alifungwa nyuma ya mkokoteni, akachapwa mpaka damu imtoke, kisha akaamriwa kurudi kwao, ingawa huko kwao ndiko shamba lilikokwisha kugeuzwa malisho. Mwaka 1547 Bunge liliamua apigwe chapa ya moto ya herufi V (ya neno la Kiingereza "vagabond", yaani mzururaji) kifuani na kufanywa mtumwa kwa miaka 2. Ukali huo ulipita kiasi hata sheria ikafutwa mwaka 1550. Katikati ya hayo, mwaka 1549, wakulima wa Norfolk walibomoa nyua na kupiga kambi nje ya mji wa Norwich. Kiongozi wao, Robert Kett, mwenyewe alikuwa na ardhi yenye ua, akakubali kuubomoa na kujiunga nao. Alinyongwa Desemba mwaka huo huo.

Kwa maoni yangu, sheria hizo hazikuwa na nafasi ya mtu mwenye afya anayetaka kazi asiipate. Mji wa Norwich ulianza kumwona mwaka 1570, ulipohesabu maskini wake zaidi ya 2,000 na kukuta wengi wao, hasa wanawake wanaosokota nyuzi, wanafanya kazi na bado hawashibi. Mwaka 1572 kodi ya kuwasaidia maskini ikawa ya lazima nchi nzima. Baada ya mavuno kuharibika mfululizo kuanzia 1594, sheria za 1598 na 1601 ziliiagiza kila parokia, eneo la kanisa lililokuwa pia ngazi ya chini ya utawala, iteue wasimamizi wa maskini, itoze kodi, iwatunze wazee, iwaweke watoto kwa mafundi na kuwanunulia wenye nguvu sufu na kitani wafanyie kazi.

Msaada huo, hata hivyo, ulikuwa wa wenyeji. Sheria ya 1662 iliruhusu parokia kumrudisha kwao mgeni aliyedhaniwa kuwa atakuja kuitegemea, na kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa alihesabiwa mwenyeji wa mahali alipozaliwa, wasimamizi walikuwa wakiwahimiza wanawake wajawazito wasioolewa wavuke mpaka wa parokia kabla uchungu haujaanza.